Besi tatu, hela moja: kisa cha kutafuta sauti ya miaka ya 60 kwa bajeti ndogo

Mnunuzi wa kisa hiki ni dada mmoja mpiga besi ambaye kwa muda mrefu alipigia gitaa la kuazima: la kisasa, nyuzi tano, betri ndani ya mwili, sauti kali ya kung'ara. Alipopata hela ya kununua la kwake hakutaka tena kitu cha namna hiyo. Alinionyesha picha kwenye simu, Precision Bass, gitaa la besi la kampuni ya Fender, la mwanzoni mwa miaka ya 60: manjano katikati ikikolea hadi nyeusi ukingoni, kibao cha plastiki chenye madoa kama gamba la kobe, shingo ya rangi ya asali. "Fundi, nataka hii, ila kwa hela yangu."

Hela yake ilikuwa ya daraja la chini, juu kidogo ya magitaa ya wanaoanza kujifunza. Gitaa halisi la miaka hiyo halikuwa hata la kujadiliwa.

Nilimuuliza anachotaka ni sura au ni sauti. Akasema vyote viwili, kama wanavyosema wote, basi nikamwomba anisikilizishe sauti anayoiwaza. Akafungua rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, za miaka ya 60. Besi nene, fupi, inadunda halafu inanyamaza upesi, bila mlio wa chuma. Kuanzia hapo tukawa na kitu cha kupimia, maana picha ya simu haipimi chochote.

Mpiga besi aliyesikika kwenye nyingi ya rekodi hizo ni James Jamerson, na mazingira ya sauti yake yanajulikana vizuri. Alipigia Precision ya mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa bapa (zimezungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa duara) na nzito, na sifa yake ilikuwa kutozibadilisha mpaka ukatike mmoja. Chini ya kifuniko cha chuma cha daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini, kulikuwa na sponji iliyogusa nyuzi na kuzizima mapema. Alidonoa kwa kidole kimoja tu cha shahada. Studioni waya wa gitaa uliingia moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia. Pitia tena orodha hiyo ukitafuta kitu kinachohitaji mbao yenye miaka 60, hukipati. Unapata nyuzi, sponji, mkono, na pikapu (sumaku na koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) iliyopasuliwa vipande viwili ambayo Fender walianza kuiweka kwenye Precision mwaka 1957 na ambayo hadi leo hutengenezwa kwa mpango uleule, mahali palepale. Nusu moja husikiliza nyuzi mbili nene, nusu ya pili nyuzi mbili nyembamba, na zimesukwa kwa mwelekeo wa kinyume ili mngurumo wa umeme ufutike.

Najua wapo watakaobisha kuhusu mbao kuukuu. Wabishe. Mtu mwenye bajeti ndogo hana nafasi ya kununua ubishi huo.

Maana ya "mtindo wa zamani" dukani

Neno hili linauza vitu vya aina tatu kwa mpigo, na kuvitenganisha ndiyo kazi kubwa ya mnunuzi. Kuna vinavyogusa sauti: aina ya pikapu na mahali ilipo, urefu wa uzi, na kukosekana kwa saketi ya betri. Kuna vya macho tu: rangi, plastiki, varnishi ya manjano shingoni, kichwa kinachong'aa. Halafu kuna kero za zamani ambazo wapenzi wa historia huzilipia zaidi. Ubao wa vidole wenye mgongo mkali, duara la nusu kipenyo cha inchi 7.25, ni mmoja wa mifano. Mwingine ni ule mpango wa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, ile inayopingana na mvuto wa nyuzi, kuwa na nati yake upande wa chini, shingo inapoingia mwilini. Ukitaka kuikaza unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne, unatoa shingo, unazungusha kidogo, unarudisha kila kitu, unapima. Haikutosha? Unaanza upya.

Hapa watengenezaji wa magitaa nafuu wamewasaidia wanunuzi. Kwenye mifululizo kama Classic Vibe ya Squier, chapa nafuu ya Fender, ulioanza mwaka 2008, unakuta sura ya zamani lakini fimbo inakazwa kutoka kichwani na ubao wa vidole umelainishwa mgongo hadi inchi 9.5. Mpenzi wa historia atanuna. Kwa mtu anayekwenda kupiga kazi, afadhali hivyo.

Magitaa yaliyokuwa mezani

La kwanza lilikuwa jipya, la mtindo wa Precision wa miaka ya 60, rangi ileile ya kwenye picha. Mwili wa mbao nyepesi ya popla, kilo 3.9, pikapu yenye sumaku za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), fimbo ya shingo inakazwa kichwani, upana wa shingo juu kabisa milimita 42.

La pili lilikuwa kongwe kweli. Nakala iliyotengenezwa Japani miaka ya 70, kipindi ambacho viwanda vya kule viliiga miundo ya Kimarekani kwa ustadi uliowakera wenye miundo. Mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson, watengenezaji wa magitaa wa Kimarekani, ilimshitaki msambazaji wa Ibanez, chapa ya Kijapani, nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Gitaa hili lilikuwa na mikwaruzo ya haki, rangi imechakaa pale mkono unapokaa, na harufu ya kabati la zamani. Kilo 4.6. Dada alilipenda kabla hajaligusa.

La tatu, lililotumika, lilikuwa la mtindo wa Jazz Bass, ule muundo wa mwaka 1960 wenye pikapu mbili na shingo nyembamba, milimita 38 pale juu. Bei yake ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Aliletewa na mwenzake wa bendi kwa hoja moja: mkono wako mdogo, chukua shingo nyembamba.

Hoja hiyo ya mkono ilistahili kupimwa, kwa sababu ilikuwa karibu imsukume nje kabisa ya alichokuwa anakitaka. Wengine walikuwa wamemshauri zaidi ya hapo: achukue besi fupi, ya urefu wa inchi 30, kama Höfner 500/1 aliyoinunua Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961, badala ya inchi 34 za Precision. Tuliweka rula. Ukiweka kidole kimoja kwa kila freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), kutoka freti ya kwanza hadi ya nne, kwenye besi ya inchi 34 mkono unafunika takribani milimita 130. Kwenye ya inchi 30 ni kama 114. Tofauti ni sentimita moja na nusu hivi, na kwa mkono mdogo hiyo ni kubwa. Upana wa shingo, 42 dhidi ya 38, ni jambo jingine: unabadilisha namna kidole gumba kinavyokaa nyuma na umbali wa kuvuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, lakini haupunguzi hata kidogo ule mtanuko wa kwenda mbele. Mwenzake alikuwa anatibu ugonjwa usiokuwepo.

Basi nikamtazama anavyopiga. Alikuwa anatumia vidole vinne kwa freti nne hata chini kabisa, kwenye freti pana kuliko zote. Wapiga besi ya kusimama, ambayo ni ndefu zaidi, hawafanyi hivyo: chini hutumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, kwa nafasi ya freti tatu tu, kisha mkono mzima unahama. Nilimwonyesha, akajaribu kwenye gitaa la kwanza, na lalamiko la mkono halikusikika tena. Kama lingebaki, ningemwambia achukue fupi bila kusita. Besi fupi si ya watoto, ila sauti yake ni nyingine: uzi umelegea zaidi kwa noti ileile, mdundo wake ni wa duara zaidi, na uzi wa E, mnene kuliko wote, huwa hauna ule msimamo aliokuwa anautafuta.

Shingo

Gitaa la tatu liliondoka upesi. Ukifungua pikapu zote mbili sawasawa linatulia. Ukipunguza moja, ngurumo inaingia, kama ilivyo kawaida ya pikapu za koili moja. Mmiliki wa awali alikuwa amechimba mwili nyuma kuweka saketi ya betri, kisha akaitoa na kuziba tundu kwa kibao. Hilo silo lililonikera sana. Kilichoniudhi ni kwamba sauti yake ni nzuri ya namna isiyohusika: ya wazi, yenye mkoromo wa kupendeza upande wa daraja. Huwezi kununua sauti usiyoitaka kwa sababu bei yake ni ndogo.

Mjadala wenyewe ulikuwa kati ya jipya na kongwe, na dada alikuwa tayari upande wa kongwe. Alilipiga vizuri pia. Pikapu yake ilikuwa na uzito fulani kwenye noti za chini ambao jipya halikuwa nao, nami nilisikia hivyo hivyo. Laiti tungeishia kwenye kusikiliza, angeondoka nalo.

Shingo ya besi hukaguliwa kwa uzi wenyewe. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na papo hapo ubane pale shingo inapoungana na mwili; uzi uliobanwa pande mbili umenyooka kama rula, hivyo nafasi utakayoiona chini yake kwenye freti ya saba au ya nane ndiyo mbonyeo wa shingo. Milimita 0.3 ni afya. Gitaa jipya lilionyesha karibu hapo. La Japani lilionyesha zaidi ya milimita moja, tena likiwa limevikwa nyuzi nyembamba.

Mbonyeo pekee si hukumu. Unakaza fimbo, unakwisha. Ila nati ya fimbo ilikuwa chini, ndani ya mwili, na muuzaji hakukubali shingo ifunguliwe, jambo ambalo simlaumu. Kwa hiyo nilitazama daraja. Vile vibao vidogo vinavyobeba nyuzi, ambavyo hupandishwa na kushushwa kwa skrubu, vyote vinne vilikuwa vimelala chini kabisa, vimegusa sahani. Hata hivyo nyuzi zilikuwa juu, karibu milimita nne pale freti ya 12. Maana yake ni kwamba kuna mtu, kwa miaka, alikuwa anafukuza nyuzi zinazopanda kwa kushusha daraja, mpaka daraja likaisha. Mtu anayeweza kukaza fimbo hafanyi hivyo. Mwenye fimbo iliyofika mwisho ndiye anayefanya hivyo. Zaidi ya hapo, freti za mwisho zilikuwa zimeinuka kidogo pale shingo inapokaa kwenye mwili, na ukipiga noti za juu zilikwaruza ingawa nyuzi zilikuwa mbali. Nyuzi zikiwa juu na freti bado zinakwaruza, tatizo liko kwenye mbao, wala halitibiki kwa bisibisi.

Fundi mwenye karakana nzuri angeiweza shingo ile: kung'oa freti, kusawazisha ubao, kuweka freti mpya, pengine kuipasha moto ikiwa imebanwa kinyume. Gharama ya kazi hiyo ingekaribia bei ya gitaa lenyewe, na hakuna fundi mkweli anayetoa dhamana kwamba shingo haitarudi. Nilimweleza hivyo. Akauliza, "Sasa kwa nini linasikika vizuri?" Kwa sababu pikapu haijali shingo ya mtu. Pikapu ile ilikuwa nzima kabisa, na noti alizokuwa anazipiga zilikuwa za freti tano za kwanza, eneo ambalo shingo mbovu huficha ubovu wake.

Akanunua jipya. Hakulifurahia siku ile, nami sikujaribu kumfurahisha.

Baada ya kulipa

Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba asimalize hela yote kwenye gitaa. Sehemu kama ya tano ilibaki kwa ajili ya nyuzi na kazi ya fundi, na huo ndio uamuzi ambao ningeutetea kuliko mwingine wowote katika kisa hiki. Gitaa lilitoka kiwandani na nyuzi za kawaida za mviringo, zile ambazo waya uliozungushiwa nje una umbo la duara na hutoa mlio unaong'aa na mkwaruzo wa vidole. Ukilichomeka hivyo kwenye amplifaya, lilisikika kama besi yoyote ya bei nafuu. Ningekuwa yeye, ningedhani nimeibiwa.

Tukaweka nyuzi bapa, ambazo waya wake wa nje ni utepe ulionyooshwa. Seti moja hugharimu mara kadhaa ya nyuzi za kawaida, lakini hudumu kwa miaka, na nyingi huzidi kuwa tamu zikichakaa. Kazi ilianza hapo hapo. Mifereji ya ile pingili ya plastiki inayopitisha nyuzi kwenda kichwani ilikuwa imekatwa kwa nyuzi nyembamba. Uzi wa E ulikaa juu ya mfereji badala ya ndani yake, na noti za freti ya kwanza zikawa kali kidogo kuliko zinavyotakiwa. Nilipanua kwa faili la duara, polepole, nikiangalia mfereji uteremke kuelekea kichwani ili uzi uegemee ukingo wa mbele. Ukikata kupita kiasi, uzi usiobanwa utakwaruza kwenye freti ya kwanza na hapo unatafuta pingili mpya.

Kisha shingo ikasogea, kama nilivyotarajia. Seti aliyoichagua ni nzito, na nyuzi za namna hiyo huvuta zaidi. Zipo bapa zenye mvuto mdogo, lakini yeye alitaka ule ugumu chini ya vidole. Baada ya muda mfupi mbonyeo ulikuwa umepanda karibu maradufu. Nilifungua kifuniko kichwani, nikaingiza ufunguo wa heksi, robo mzunguko, nikaacha mbao itulie, nikapima tena, nikaongeza kidogo. Kazi ya dakika chache. Hebu fikiria nyuzi zilezile juu ya shingo ya Japani, ambayo ilikuwa imeshindwa hata na nyembamba.

Zilizobaki zilikuwa za kawaida. Nyuzi zilishushwa hadi milimita 2.4 upande wa E na 2 upande wa G, zikipimwa kwenye freti ya 17. Daraja lilisogezwa mpaka noti ya freti ya 12 ikalingana na ile inayolia ukigusa uzi palepale bila kuubana. Nyuzi bapa zilihitaji kusogezwa nyuma kuliko za awali. Ncha za freti, zilizokuwa zinachoma kidogo pembeni ya shingo, zilipigwa faili. Varnishi inayong'aa nyuma ya shingo ilikuwa inanata kwenye gumba, nikaisugua kwa sponji ngumu ya jikoni hadi ikapoteza mng'ao. Tafadhali usitumie waya laini wa kusugulia karibu na pikapu: vumbi lake la chuma linanaswa na sumaku na kutoka ni shida.

Mwisho kipande cha sponji laini, upana wa vidole viwili, kikaingizwa chini ya nyuzi mbele ya daraja. Kikibana sana, noti inakufa kabla haijazaliwa. Tulikata mara kadhaa mpaka unene ukakubali. Kitufe cha toni kikarudishwa nyuma kidogo. Akapiga, na sauti ya kwenye rekodi ilikuwa pale, mita moja kutoka kwangu, ikitoka kwenye mwili wa popla ambao haujawahi kuona miaka ya 60.

Pikapu mpya

Watu walianza kumwambia abadilishe pikapu, kwa kuwa za magitaa nafuu "hazifai". Nilipima iliyokuwemo kupitia soketi ya waya, vitufe vyote vikiwa wazi: karibu kiloohmu 10, palepale zinapokaa Precision nyingi. Sumaku ni alniko, zimesimama zenyewe chini ya nyuzi. Pikapu nafuu ya kukimbia ni ile yenye vijiti vya chuma cha kawaida na bapa la sumaku ya seramiki limegundishwa chini. Hiyo ina ukali ambao nyuzi bapa huupunguza tu bila kuumaliza. Yake haikuwa hivyo. Kilichokuwa kibovu ni potenshomita ya sauti, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti, iliyokuwa inachakarika na kuruka kutoka kimya hadi nusu. Tuliibadilisha kwa nzuri ya kiloohmu 250, pamoja na soketi iliyokuwa inalegea. Vifaa hivyo viwili ni hela ndogo sana ukilinganisha na pikapu, na ndivyo vinavyokuaibisha jukwaani.

Lipo jambo moja ambalo halikutatuliwa. Kwenye uzi wa G, mwembamba kuliko wote, kati ya freti ya tano na ya saba, kuna noti inayokufa upesi kuliko majirani zake. Shingo nyingi za muundo huu zina pahala kama hapo, hata za bei kubwa, kwa sababu shingo yenyewe hutetema kwa kasi inayokaribiana na noti ile na kuinyonya nguvu. Tuliongeza uzito kichwani kwa kibano cha chuma na noti ikahama kidogo. Dada aliamua kuiacha. Kwa sponji iliyopo, noti zote ni fupi, hivyo hakuna anayeisikia isipokuwa sisi wawili.

Lile la Japani lilikaa sokoni kwa muda. Aliniuliza tena kama lingeshuka bei kiasi gani ndipo ningemruhusu, nikamwambia: likifika bei ya pikapu nzuri pamoja na vikazio vinne vya nyuzi vya kichwani, linunuliwe, shingo itolewe, mwili ule upewe shingo mpya. Halijafika hapo. Mwenye nalo anaamini anauza gitaa zima.